Namna ya kusoma huzuni katika mashairi ya masufi wa Uajemi

Watu wengi humwendea Rumi, mshairi sufi wa karne ya 13, wakiwa na msiba, wakaokota mstari mmoja wa faraja uliokuwa ukizunguka kwenye simu, kisha wakaondoka nao. Hapo wanakosa kile hasa ambacho mashairi haya yanaweza kumfanyia mtu. Attar, sufi aliyemtangulia, na Rumi mwenyewe hawaiondoi huzuni. Wanaipa kazi, na msomaji anatakiwa aione kazi hiyo ikifanyika mshororo kwa mshororo. Zifuatazo ni hatua za kusoma hivyo, pamoja na mahali ambapo wasomaji hupotea.

Uwe na nini mkononi

Chagua kipande kifupi. Masnavi, shairi refu la Rumi, ina mishororo ipatayo 25,000 katika vitabu sita, na Diwani ya Shams, mkusanyo wake wa mashairi, ina ghazali (mashairi mafupi) zaidi ya 3,000. Mwenye huzuni akijitosa humo bila dira atachoka siku ya pili. Vipande vinne vinatosha kwa miezi mingi: mishororo 18 inayofungua Masnavi, yaani kilio cha nai, filimbi ya tete; kisa cha dengu chunguni, kitabu cha 3, kuanzia mshororo wa 4159; nyumba ya wageni, kitabu cha 5, kuanzia mshororo wa 3644; na ghazali ya 911 ya Diwani, inayozungumzia jeneza na mbegu. Namba za Masnavi ni za chapa ya Nicholson iliyotoka kati ya 1925 na 1940, na ya ghazali ni ya chapa ya Foruzanfar. Ziandike pembeni, maana bila namba huwezi kulinganisha tafsiri wala kuhakiki nukuu.

Tahadhari moja kwa msomaji wa ushairi wa Kiswahili: kile ambacho Waajemi huita beti ni mstari mmoja wenye vipande viwili, kama mshororo wetu wenye ukwapi na utao. Ukisoma mahali kwamba nai ina “beti 18”, usitafute mafungu 18 ya mishororo minne minne. Humu tutasema mshororo.

Uwe na tafsiri mbili, na angalau moja iwe na namba za mishororo. Tafsiri isiyo na namba, ambayo kila shairi limepachikwa jina jipya la kuvutia, mara nyingi ni masimulizi ya mtu aliyesoma tafsiri ya mwingine. Ikiwa unasoma kwa Kiingereza, kumbuka kwamba Kiajemi, kama Kiswahili, hakitofautishi mume na mke katika “yeye”. Mfasiri wa Kiingereza amelazimika kuchagua. Rudisha “yeye” kila mahali na uliache swali wazi: ni mtu, ni mwalimu, au ni Mwenyezi Mungu? Mara nyingi mshairi amekusudia libaki wazi. Maandishi ya Kiajemi, na usomaji wa sauti wa mashairi mengi, hupatikana bure kwenye tovuti ya Ganjoor.

Sikia mapigo kabla ya kutafuta maana

Kilio cha nai kimetungwa katika bahari ya ramali. Kila kipande kina mizani 11, nazo hazina uzito mmoja. Sisi huhesabu silabi zote sawasawa, ilhali Waajemi hupima ipi ndefu na ipi fupi. Kipande cha kwanza, katika nakala kongwe, hugawanyika hivi:

bish-na-viin-nay / chuun-shi-kaa-yat / mii-ku-nad

Mapigo yake ni nzito, nyepesi, nzito, nzito. Halafu hivyo hivyo tena. Halafu nzito, nyepesi, nzito. Piga meza kwa kiganja penye silabi nzito na kwa kidole penye nyepesi. Fanya hivyo mara tano bila kuangalia tafsiri. Kosa la kawaida ni kukimbia kama anayeghani utenzi wa vita. Ramali hii inajiburuta, na pigo lake la mwisho linakatika ghafla, kana kwamba pumzi imeisha. Huzuni imo humo kabla hujaelewa neno hata moja. Attar alitumia bahari hiyo hiyo katika Mantiq al-Tayr (Mazungumzo ya Ndege), iliyokamilika 1177, kwa hiyo ukiizoea sikio lako limefunguka kwa vitabu viwili.

Soma mishororo mitatu kwa siku, kwa nusu saa, kwa siku sita. Siku ya saba soma yote 18 bila kusimama. Ukiweza, sikiliza pia nai ikipigwa. Wapenzi wa taarabu ya Zanzibar wanaijua sauti yake yenye pumzi nyingi.

Daftari lenye safu tatu

Hii ndiyo mbinu yenyewe. Chora safu tatu. Ya kwanza: kilichopotea. Ya pili: kinachofanya kazi. Ya tatu: kinachotokea. Kila kipande cha huzuni katika Masnavi kinaweza kujazwa humo. Tete limekatwa kwenye matete yake, kisu na moto vinafanya kazi, sauti inatokea. Dengu imeondolewa bustanini, maji ya moto na upawa vinafanya kazi, ladha inatokea. Mbegu imefukiwa isionekane, udongo unafanya kazi, chipukizi linatokea.

Wasomaji wengi hujaza safu ya kwanza na ya tatu, wakairuka ya katikati. Matokeo yake ni maneno matamu yasiyo na nguvu: “umepoteza, lakini utapata”. Rumi hasemi hivyo. Safu ya kati ndiyo shairi. Ikiwa hujaona kitu kinachokata, kinachochoma, kinachofagia au kinachotikisa, bado hujasoma, rudi mwanzo.

Kilio cha nai, kwa mwendo wa pole

Kwanza, wakati wake. Shams wa Tabriz, mwalimu na kipenzi wa Rumi, alifika Konya alikoishi Rumi, katika Uturuki ya leo, mwaka 1244, Rumi akiwa na umri wa miaka 37. Aliondoka 1246, akarudishwa, kisha kati ya 1247 na 1248 akatoweka moja kwa moja. Rumi alikwenda kumtafuta hadi Dameski asimwone. Masnavi ilianza zaidi ya miaka 10 baadaye, kwa ombi la mwanafunzi wake Husam al-Din Chelebi. Hicho unachokisikia katika nai kimekaa ndani ya mtu zaidi ya muongo mzima. Usikilinganishe na kilio chako cha wiki ya kwanza, wala usijilaumu kwamba chako hakina mpangilio.

Mishororo minne ya kwanza, kwa maana yake:

Isikilize nai hii inavyolalama, inasimulia habari za kutengana:
tangu waliponikata kwenye matete, kilio changu kimewaliza wanaume na wanawake.
Nataka kifua kilichochanika vipande kwa firaki, nipate kukieleza uchungu wa shauku.
Kila aliyebaki mbali na asili yake huzitafuta tena siku za kuungana nayo.

Simama kwenye mshororo wa tatu. Nai haitafuti mtu wa kuituliza. Inatafuta kifua kilichochanika kama yenyewe, kwa sababu hicho tu ndicho kitakachoelewa. Halafu mshororo wa nne unapanua jambo: aliyetengwa sasa ni “kila” mtu. Hapa Mwislamu anasikia aya ambayo ulimi wake huitamka papo hapo akipata habari ya kifo, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea (2:156), na nyuma yake lile agano la roho la “Je, mimi siye Mola wenu?” (7:172). Iandike aya pembeni ya mshororo. Tafsiri nyingi za kisasa zimeiondoa, na bila yake “asili” inageuka kuwa kumbukumbu ya nyumbani tu.

Mshororo wa sita ni onyo kwa msomaji mwenyewe: kila mtu amekuwa rafiki yangu kwa dhana yake, hakuna aliyetafuta siri iliyo ndani yangu. Pigia mstari. Kila utakapojikuta unasema “hapa Rumi anazungumzia hali yangu kabisa”, rudi kwenye mshororo huu kabla ya kuendelea.

Wa tisa na wa kumi ndipo kazi inapoonekana. Sauti hii ya nai ni moto, si upepo, na asiye na moto huu na asiwepo. Moto wa ishki ndio ulioingia katika nai. Hadi hapo ulidhani unasikia pumzi ikipita kwenye tundu. Sasa unaambiwa kinachopita ni moto, na jina lake ni ishki. Huzuni na mapenzi vimeonekana kuwa kitu kimoja kinachounguza. Katika daftari, neno “moto” linahama kutoka safu ya maumivu kwenda safu ya kati.

Kisha 15 na 16. Katika huzuni yetu siku zimekuchwa, siku zimeandamana na kuungua. Siku zikipita, ziambie ziende, hakuna hofu. Wewe baki, Wewe usiye na mfano katika usafi. Angalia viwakilishi: “yetu” imegeuka “Wewe”. Hii ndiyo alama ya kutafuta katika karibu kila shairi la aina hii, pale ambapo mlio wa “mimi” unageuka kuwa kumwita mwingine. Mwombolezaji hajaacha kuungua. Amebadilisha anayezungumza naye.

Wa 18 unafunga mlango: hali ya aliyeiva haiwezi kueleweka na aliye mbichi, basi maneno na yawe mafupi, wasalaam. Usijaribu kuujibu. Umewekwa hapo ili uanze kitabu ukijua u mbichi.

Kuna jambo la kuongeza kuhusu subira. Kitabu cha 2 kinafunguka kwa kusema kwamba Masnavi ilichelewa kwa muda, kwa kuwa muda ulihitajika ili damu igeuke maziwa, na shairi lenyewe linataja mwaka wa kuanza tena: 662 Hijria, yaani 1263 hadi 1264. Aflaki, aliyeandika maisha ya Rumi katika karne ya 14, anasimulia kwamba mke wa Husam alikuwa amefariki. Mwalimu hakumhimiza mwanafunzi wake aliyefiwa aendelee kuandika. Kazi kubwa kuliko zote za maisha yake ilisimama ikamsubiri mfiwa. Mshororo huo uwe mbele yako kila unapojiona unaharakisha safu ya tatu.

Dengu, na nani anashika upawa

Dengu inaruka juu ya chungu maji yanapochemka, inamlilia mama jikoni: kwa nini unaniwashia moto? Ulininunua, mbona sasa unanipindua? Naye anaipiga kwa upawa: chemka vizuri, usimkimbie awashaye moto, sikuchemshi kwa kukuchukia, bali upate ladha, uwe chakula, uchanganyike na roho. Maji uliyoyanywa bustanini ukiwa mbichi yalikuwa kwa ajili ya moto huu. Mwishoni dengu inakubali na kuomba ipigwe upawa zaidi.

Hiki ndicho kipande hatari kuliko vyote kwa sababu ni rahisi kukigeuza rungu. Kisome hadi mwisho, kwani huko mama anasema kwamba yeye naye aliwahi kuwa kama dengu, sehemu ya udongo, akachemka katika chungu cha wakati na katika chungu cha mwili. Maneno yake makali yanabebwa na kuiva kwake mwenyewe. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: maneno ya upawa hayasemwi na mtu asiyewahi kuchemshwa, na hata aliyechemshwa huyasema dengu ikiwa imeuliza.

Nyumba ya wageni

Rumi anasema mwili huu, ewe kijana, ni nyumba ya wageni. Kila asubuhi mgeni mpya anakuja mbio. Wageni hao ni mawazo na hali. Kuhusu wazo la huzuni anasema kwamba hata likiizuia njia ya furaha, linaitayarishia furaha mahali: linaifagia nyumba kwa ukali, linatikisa majani ya njano kutoka tawi la moyo ili majani mabichi yachipue. Safu ya kati hapa ni ufagio na mtikiso.

Kinachopotea katika nakala za mitandaoni ni hadithi iliyo kati ya mishororo ya mwanzo na maneno hayo ya huzuni, ya mwenye nyumba aliyempokea mgeni na mkewe aliyesema neno la kumchoka. Mgeni akaenda zake, na majuto yakabaki nyumbani. Isome kwanza. Bila hiyo, shairi linakuwa amri ya kumfurahia kila mgeni. Ukiwa nayo unaelewa kwamba linahusu adabu: mgeni humchagui, lakini namna ya kumpokea iko mikononi mwako.

Ghazali hazisomwi kama Masnavi

Katika ghazali kila mshororo unasimama peke yake, na vina pamoja na neno la kurudia ndivyo vinavyoufunga kwa wenzake. Kwa Hafez wa Shiraz, aliyefariki karibu na 1390, mpangilio na idadi ya mishororo hutofautiana kati ya nakala. Usijenge hoja kwa kusema “mshororo wa tano unajibu wa nne” kabla ya kulinganisha chapa mbili.

Ghazali yake ya Yusufu aliyepotea inarudia “usihuzunike” kila mwisho wa mshororo: Yusufu atarejea Kanaani, usihuzunike, kibanda cha majonzi kitakuwa bustani ya waridi siku moja, usihuzunike. Isome pamoja na Sura Yusuf, aya ya 84 hadi 86. Nabii Yakubu analia hadi macho yanakuwa meupe, na anasema anamshitakia Mwenyezi Mungu sikitiko na huzuni yake. Nabii alilia. Hafez anamtuliza mtu ambaye kulia kwake tayari kumekubaliwa.

Halafu soma ghazali yake ya bulbuli aliyekunywa damu ya moyo hadi akapata waridi, kisha upepo wa wivu ukamtawanya. Wasomaji wengi huichukua kuwa maombolezo ya mwanawe. Anamtaja nuru ya macho yake, tunda la moyo, aliyeondoka kwa wepesi akamwachia yeye uzito. Anamwita mwongoza ngamia amsaidie, mzigo umeanguka. Shairi linakwisha bila mgeuko wowote. Safu ya tatu inabaki tupu, nawe iache tupu. Kulilazimisha shairi hili litoe funzo ni kumnyang'anya baba kilio chake.

Attar na ile karatasi

Mabonde saba ambayo ndege wa Attar wanayavuka wakimtafuta mfalme wao, Simurgh, yanajulikana: kutafuta, ishki, maarifa, kutohitaji, tauhidi, bumbuwazi, ufukara na fanaa, yaani kutoweka kwa nafsi. Kuyakariri kunasaidia kidogo tu. Kinachorukwa ni kinachotokea mwishoni, ndege 30 waliosalia kati ya maelfu wanapofika mlangoni. Kwanza wanakataliwa. Kisha wanapewa karatasi waisome, na ndani yake wanakuta yote waliyowahi kutenda. Attar anaunganisha jambo hilo na ndugu za Yusufu waliowekewa mbele hati ya kumuuza ndugu yao. Ndege wanayeyuka kwa aibu, na baada ya hapo tu ndipo wanapomtazama Simurgh na kujiona wenyewe. Mfiwa ambaye huzuni yake imechanganyika na majuto, kwa neno alilosema au safari aliyoahirisha, asome hapa kabla ya Rumi.

Fanaa isichukuliwe kuwa kutamani kufa. Baada ya fanaa, Attar anawarudishia ndege nafsi zao katika baqaa, yaani kubaki. Mtu akianza kuyasoma mashairi haya kama mwaliko wa kujimaliza, au wiki zikapita hali wala halali, kitabu kifungwe, akae na watu na apelekwe hospitali.

Nukuu za kutilia shaka

Ule mstari maarufu kwamba jeraha ndipo nuru inapoingilia una asili katika kitabu cha 1, karibu na mshororo wa 3223, lakini asili yake inasema jambo jingine. Nzi wamefunika jeraha, mwenyewe haoni ubaya wake; mwalimu anaweka marhamu, maumivu yanatulia, na mgonjwa anadhani amepona. Rumi anaonya: usiikimbie marhamu, na ujue nuru hiyo imetoka kwenye marhamu, si kwako. Jeraha la huko ni kiburi, na halisifiwi. Kwa nukuu yoyote, dai namba ya kitabu na mshororo au ya ghazali. Zisipopatikana, usiiandike jina la Rumi.

Msomaji wa pwani anaweza pia kuweka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir kando ya nai. Huko nako mshairi anatazama magofu ya Pate na kuuambia moyo wake. Tofauti ni kwamba Al-Inkishafi inauonya moyo kwa Jahannamu, ilhali nai inauita urudi kwa shauku. Kusoma vyote viwili kunazoeza sikio kutambua ni upande upi unaoitwa.

Kumsomea aliyefiwa

Siku za matanga, usisome chochote. Peleka mkono wa pole, pika, kaa. Baadaye akitaka, anza na mishororo minne ya nai, kwa sauti, bila maelezo. Hafez wa bulbuli anafaa kwa aliyefiwa na mtoto, kwa kuwa hamwambii afanye lolote. Nyumba ya wageni isubiri hadi baada ya arubaini, na kwa mjane pengine hadi eda ya miezi minne na siku kumi iishe. Dengu usimpelekee, aikute mwenyewe.

Ghazali ya 911 iwe ya mwisho. Rumi anasema jeneza langu litakapopita usidhani nina uchungu wa dunia hii, usinililie ukisema ole. Na anauliza ni mbegu gani iliyoshuka ardhini isiote, mbona una shaka na mbegu ya mwanadamu? Wafuasi wake huiita tarehe 17 Desemba, aliyofariki mwaka 1273, Usiku wa Arusi, na hukusanyika kila mwaka kama watu wetu wanavyokusanyika kwenye hauli. Anayezungumza katika ghazali hiyo ni maiti mwenyewe, kwa hiyo isome kwa sauti ya anayeaga. Isisomwe kama hotuba ya kumkemea anayelia. Swali la mbegu likishaulizwa, nyamaza. Mpe mfiwa daftari ajaze safu ya tatu kwa mkono wake, na akiirudisha tupu, mwanzieni tena nai.